Bei ya Kuachanisha: Kemia Nyuma ya Historia ya Dubai

Dubai haina boksaiti, udongo unaotolewa alumini. Haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, na mafuta yake, ukiyaweka kando ya yale ya Abu Dhabi, ni kiduchu. Hata hivyo tangu mwaka 1979 alumini imekuwa ikipakiwa melini Jebel Ali, na leo wakazi zaidi ya milioni 3 na nusu wanakunywa maji ambayo sehemu yake kubwa yametolewa baharini. Ukiuliza haya yaliwezekanaje utapewa majibu mawili yaliyozoeleka: mafuta, na akili ya biashara ya watawala na matajiri wa mji. Majibu yote mawili yana ukweli, ila yanaruka hatua moja. Mafuta hayageuki maji, na biashara peke yake haizai metali. Kati ya utajiri wa kwanza na mji tunaouona leo kuna kazi ya kikemia iliyofanyika, na ndiyo ninayotaka kuifuata hapa: namna atomu zinavyofungamana, na gharama ya kuziachanisha. Dubai iliishi muda mrefu kwa kuuza kitu ambacho bahari ilikifunga yenyewe, ikaanguka pale mtu wa mbali alipojifunza kuiongoza kazi hiyo ya bahari, kisha ikainuka ilipopata nguvu ya kufungua vilivyofungwa.

Kitu cha kwanza kilikuwa lulu. Ukoo wa Al Maktoum ulipohamia kando ya hori ya Dubai mwaka 1833, palikuwa pahali pa wavuvi na wazamiaji, na kwa karibu miaka 100 iliyofuata chaza ndiye aliyeulisha mji. Kila kiangazi majahazi yalikwenda kwenye mafungu ya chaza baharini, wazamiaji wakishuka kwa jiwe mguuni na kibanio puani, na waliobaki juu wakiwavuta kwa kamba. Mwisho wa msimu lulu zilimfikia mfanyabiashara, naye akazipitisha kwenye seti ya vichungio vya shaba vyenye matundu ya ukubwa tofauti, kimoja ndani ya kingine, kisha akazipima uzito na kuzitazama juu ya kitambaa chekundu. Alichokuwa akikiuza kwa mfanyabiashara wa Bombay ni kabonati ya kalsiamu: zaidi ya asilimia 80 ya lulu ni kampaundi hiyo, na kilichobaki ni protini na maji kidogo. Ni kampaundi ileile iliyomo kwenye matumbawe, kwenye ganda la yai na kwenye mawe ya chokaa. Tofauti ya lulu ni mpangilio. Chaza huipanga kabonati hiyo katika vipande vyembamba mno, unene wake chini ya elfu moja ya milimita, vikigandishwa kwa protini, na mwanga unapopenya tabaka hizo ndipo tunapoona mng’aro wa lulumizi.

Ndani ya kipande kimoja cha lulumizi kuna aina zote mbili kuu za mfungamano. Kalsiamu ni metali. Imetoa elektroni 2 na kubaki na chaji chanya. Upande wa pili lipo kundi la kaboni 1 na oksijeni 3, lenye chaji hasi. Chaji hizi mbili zinavutana, na huo ndio mfungamano wa ioni. Lakini ndani ya kundi lile la kabonati, kaboni na oksijeni hazijapeana elektroni. Zinashirikiana elektroni hizo, na huo ndio mfungamano kovalenti. Jina lenyewe linabeba habari hiyo. Unaposema kabonati ya kalsiamu huhesabu kitu, kwa sababu chaji zenyewe zinaamua ni kalsiamu ngapi kwa kabonati ngapi: moja kwa moja. Kwenye kampaundi za kushirikiana elektroni hali si hiyo. Kaboni inaweza kushikana na oksijeni 1 au 2, ya kwanza ikaua mtu usingizini kwenye chumba chenye jiko la mkaa, ya pili tukaipumua nje kila siku. Kwa hiyo jina lazima litaje idadi, monoksidi au dioksidi. Utaratibu huu wa majina ulianza Paris mwaka 1787, pale Lavoisier, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walipotoa kitabu cha kuyatupa majina ya kale na kuweka yanayoeleza kitu kimeundwa na nini. Mwaka huohuo 1787 ndio unaotajwa kuwa wa kujengwa kwa ngome ya Al Fahidi, jengo kongwe kuliko yote Dubai. Ni sadfa tu, lakini inasaidia kukumbuka kwamba ngome hiyo na kemia ya kisasa ni za rika moja.

Kuna jambo ambalo jina la kemia haliwezi kulisema, na jambo hilo ndilo lililouangusha mji. Mwaka 1893 Kokichi Mikimoto wa Japani alifaulu kumfanya chaza atengeneze nusu lulu kwa kumpandikizia kiini, na kufikia miaka ya 1920 lulu za duara za kufugwa zilikuwa zimeshafika masoko ya Ulaya. Kwa mkemia hakukuwa na cha kutenganisha: hii kabonati ya kalsiamu, na ile kabonati ya kalsiamu. Mwaka 1925 wafanyabiashara wa London walilazimika kufungua maabara mahsusi kwa ajili ya kuzitofautisha, na kilichowasaidia ni eksirei, inayoonyesha jinsi tabaka za fuwele zilivyolala ndani. Lulu ya asili ina tabaka zinazozunguka tangu kiini. Ya kufugwa ina punje ya ganda katikati, na tabaka za punje hiyo zimenyooka. Hadi leo orodha ya forodha ya kimataifa inaziwekea namba mbili tofauti. Bei, hata hivyo, haikungoja eksirei. Yuko atakayesema kilichoua lulu ya Ghuba ni mdororo wa dunia wa 1929, si Mjapani. Mdororo ulichangia, sina ubishi. Lakini mdororo ulipita, watu wakarudi kununua mapambo, na bei ya lulu ya Ghuba haikurudi pale ilipokuwa, kwa kuwa sasa ule mfungamano uliokuwa siri ya bahari ulikuwa ukipatikana shambani kwa wingi. Wazamiaji walibaki na madeni kwa manahodha, manahodha kwa matajiri, na vuguvugu la mwaka 1938, pale wafanyabiashara wa Dubai walipomlazimisha Sheikh Saeed bin Maktoum kukubali baraza la kushirikiana naye madaraka kwa miezi michache, halieleweki bila ufukara huo.

Wakati lulu ingali na bei, nyumba za mji zilijengwa kwa somo lilelile la kufunga na kufungua, na hapa pwani yetu inaingia moja kwa moja. Nyumba za mtaa wa Al Fahidi, zenye minara ya kunasa upepo, ni za mawe ya matumbawe na lipu ya jasi, na paa zake zimebebwa na boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Chumba kilikuwa na upana ambao boriti ilikubali. Sasa linganisha lipu za pande hizo mbili. Fundi wa Lamu au Kilwa alichoma matumbawe apate chokaa: joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi linahitajika ili kabonati ya kalsiamu itoe dioksidi ya kaboni na kuacha oksidi ya kalsiamu. Huko ni kuvunja mfungamano kovalenti ndani ya kabonati yenyewe, na hakufanyiki bila rundo kubwa la magogo. Jasi ni salfati ya kalsiamu iliyoshika maji ndani ya fuwele zake. Ukiichoma kwa nyuzi 150 tu, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka, na ukimwagia maji tena inaganda. Kundi la salfati halikuguswa. Mji wa jangwani, ambako hata boriti ya paa ililazimika kuvuka bahari, haishangazi kwamba ulishikamana na jasi. Wajenzi hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza ioni ni nini. Kuni ndizo zilizowafundisha ni mfungamano upi wanaumudu kuufungua.

Kipimo hichohicho, cha nani anamudu kufungua nini, ndicho kinachoeleza kwa nini wanadamu walipata chuma mapema na alumini jana. Karibu na Bukoba, mafundi wa Buhaya walikuwa wakitenga chuma na oksijeni kwa mkaa na mivukuto zaidi ya miaka elfu moja na nusu iliyopita, kwenye matanuri ambayo utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha yalifikia joto la kuwashangaza wataalamu. Mkaa unatosha kwa chuma kwa sababu, kwenye joto hilo, kaboni inaipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda. Udongo mwekundu wa nchi za joto una alumini kwa wingi, na alumini ndiyo metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia, lakini hakuna tanuri la mkaa lililowahi kuitoa. Mwaka 1825 Ørsted wa Denmaki alipata vipande vichafu vyake. Mwaka 1827 Wöhler aliitoa kwa kutumia potasiamu, metali yenye uchu mkubwa zaidi wa kutoa elektroni. Miaka ya 1850 Deville wa Ufaransa alitumia sodiamu. Bei ilikuwa ya vito. Mwaka 1884, walipotaka kuvika ncha mnara wa Washington, walichagua kilo karibu 3 za alumini kama pambo la heshima.

Ugumu huo una maelezo yake katika chaji. Mwaka 1916 Walther Kossel nchini Ujerumani alieleza mfungamano wa ioni kama atomu kupeana elektroni, na mwaka huohuo Gilbert Lewis nchini Marekani akaeleza ule wa kushirikiana jozi za elektroni. Irving Langmuir ndiye aliyeupa huo wa pili jina la kovalenti mwaka 1919. Chumvi ya mezani, kloridi ya sodiamu, inaundwa na chaji 1 chanya na 1 hasi, na huyeyuka kwa nyuzi 801. Alumina, yaani oksidi ya alumini, ina alumini yenye chaji 3 chanya na oksijeni yenye chaji 2 hasi. Chaji kubwa, tena ioni ndogo zilizokaribiana: nguvu inayohitajika kuzitawanya kabisa ni takriban mara 20 ya ile ya chumvi, na alumina haiyeyuki hadi ipite nyuzi 2,000. Mtu makini atapinga hapa kwamba alumina si ya ioni tupu, kwamba alumini na oksijeni hushirikiana elektroni kwa kiasi fulani, na yuko sahihi. Mpaka kati ya aina hizo mbili ni mteremko, hauna ukuta. Mfano mzuri ni kloridi ya alumini, ambayo jina lake limepangwa kama la chumvi lakini tabia zake si za chumvi: hugeuka mvuke kwa nyuzi 180 hivi, na ikiyeyushwa haipitishi umeme vizuri, kwa sababu imekuwa molekuli badala ya ioni. Jina linafuata kanuni ya metali na isiyo metali. Haliahidi zaidi ya hapo. Ndiyo maana waliotaka kutoa alumini kwa umeme walilazimika kurudi kwenye oksidi, ile iliyofungamana kwa nguvu, maana umeme unahitaji ioni zilizo huru kutembea.

Njia ilipatikana mwaka 1886, na wawili wakaipata kila mtu kivyake: Charles Martin Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, wote wenye umri wa miaka 22 au 23. Waliyeyusha alumina ndani ya kriolaiti, madini ya floridi, na joto likashuka hadi nyuzi 960 hivi. Kisha umeme. Lakini hata kwa hila hiyo, kilo moja ya alumini inadai kilowati-saa 13 hadi 15. Kuanzia hapo swali la nani atatengeneza alumini halikuwa tena swali la nani ana udongo. Tani 2 za alumina, zinazotoa tani 1 ya metali, zinaweza kupanda meli kutoka Australia. Umeme wa kuzifungua ndio usiopanda meli.

Tukifika hapo tunarudi Dubai. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966 katika eneo la Fateh, baharini, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1969. Sheikh Rashid bin Saeed alijua hayatadumu. Kwenye Ghuba ya miaka ile gesi iliyotoka pamoja na mafuta ilikuwa ikichomwa hewani kama takataka, miali yake ikionekana usiku kutoka mbali. Gesi hiyo sehemu kubwa ni methani: kaboni 1 na haidrojeni 4 zinazoshirikiana elektroni. Wengi husema nguvu imehifadhiwa ndani ya mfungamano wa methani, na usemi huo umeenea hadi madarasani, lakini haupo sawa. Kuvunja mfungamano daima kunagharimu. Joto la moto linatokana na mifungamano mipya inayoundwa, ya kaboni na oksijeni na ya haidrojeni na oksijeni, ambayo ni imara kuliko ile iliyovunjwa. Kiwanda cha alumini kinachoendeshwa kwa gesi kwa hiyo kinafanya biashara ya ajabu: huku kinaacha oksijeni ifungamane na kaboni na haidrojeni, kule kinatumia malipo yake kuing’oa oksijeni kwenye alumini. Bahrain ilianza biashara hiyo mwaka 1971. Dubai ikaunda kampuni yake, DUBAL, mwaka 1975, na metali ya kwanza ikatoka Jebel Ali mwaka 1979, uwezo wa kuanzia ukiwa tani 135,000 kwa mwaka. Piga hesabu kwa kilowati-saa 15 kwa kilo: ni megawati 230 hivi, mchana na usiku, bila kupumzika siku hata moja.

Hilo la bila kupumzika ndilo lililoamua umbo la kiwanda. Tazama tangi moja. Ni sanduku la chuma lililotandikwa kaboni, na juu yake zinaning’inia anodi za kaboni. Kriolaiti iliyoyeyuka imefunikwa na ukoko wake yenyewe ulioganda, na nyundo ya mashine inautoboa mara kwa mara ili alumina iingie. Alumini, nzito kidogo kuliko kriolaiti, hutua chini kama ziwa dogo la fedha na hufyonzwa kwa bomba. Volti kwenye tangi moja ni 4 na kitu tu, lakini matangi yameungwa mamia kwa msururu mmoja na mkondo wa umeme unafika mamia ya maelfu ya ampea, kiasi kwamba sumaku yake inavuta vyuma mifukoni na mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo haruhusiwi kuingia. Umeme ukikatika saa chache, matangi yanaganda, na kuyafufua ni kazi ya miezi na mamilioni. Kwa hiyo DUBAL haikuweza kutegemea gridi ya mji mdogo. Ilijenga mitambo yake ya umeme wa gesi, na moshi wa mitambo hiyo ukatoka na joto ambalo kulitupa kungekuwa ubadhirifu. Pembeni ya kiwanda kikajengwa kingine cha kuchemsha maji ya bahari. Maji matamu ya Jebel Ali yalianza kama pacha wa alumini.

Hapa mkemia atanishika shati. Kuchemsha maji ya bahari, atasema, hakuvunji mfungamano wowote kati ya sodiamu na klorini: ioni hizo zilishaachana zilipoyeyuka, na zinabaki kwenye maji yanayosalia. Kinachovunjwa ni mvutano dhaifu kati ya molekuli moja ya maji na nyingine, huku haidrojeni na oksijeni ndani ya kila molekuli zikibaki pamoja. Hiyo ni kweli, na inaboresha hoja badala ya kuibomoa. Mvutano huo ni dhaifu ukiupima mmoja mmoja, lakini ni mwingi mno: kilo moja ya maji inadai megajuli 2.26 ili igeuke mvuke, na Ghuba, yenye gramu 40 na zaidi za chumvi kwa lita wakati bahari kuu ina 35, haitoi nafuu. Mitambo ya mvuke ya miaka ile ilipitisha maji ya moto kwenye vyumba vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa na mgandamizo mdogo kuliko kilichotangulia, ili yachemke tena na tena kwa joto lilelile. Adui wa mafundi kwenye mabomba hayo alikuwa ukoko mweupe unaoganda juu ya chuma cha moto na kuzuia joto kupita, na sehemu kubwa ya ukoko huo ni kabonati ya kalsiamu. Kampaundi iliyoulisha mji kwa miaka 100 sasa inaoshwa kwa asidi. Na maji yakishatoka, matupu kupita kiasi, hurudishiwa kalsiamu kidogo kabla ya kupelekwa majumbani, ili yasile mabomba na yawe na ladha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanahistoria wa biashara. Watakumbusha kwamba mwaka 1894 Sheikh Maktoum bin Hasher aliwasamehe kodi wafanyabiashara wa kigeni. Kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, Uajemi ilipobana ushuru wa forodha, matajiri wa Lingeh walivuka wakahamia Dubai na meli za posta zikawafuata. Kwamba hori ilichimbwa miaka ya 1959 hadi 1961 kwa mkopo, kabla tone la mafuta halijaonekana. Na kwamba eneo huru la Jebel Ali la mwaka 1985 limeleta fedha nyingi kuliko tangi lolote la kriolaiti. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga mzigo Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, hajawahi kununua alumina. Nayakubali yote. Biashara inaeleza kwa nini ni Dubai na si Ras al-Khaimah. Isichoeleza ni jinsi mji wa watu milioni kadhaa ulivyoweza kukaa pahali penye visima vichache vya maji ya chumvichumvi. Duka, hoteli na ghorofa zote zinasimama juu ya lita zilizotenganishwa na chumvi. Tena bandari na kiwanda vilizaliwa pamoja Jebel Ali, kwa sababu alumina ilihitaji gati ya kushukia na metali gati ya kutokea.

Wengine watasema nguvu rahisi iko kwingi, mbona haikuzaa Dubai nyingine? Swali la haki. Ghana ilijenga bwawa la Akosombo na kiwanda cha Valco kikaanza Tema mwaka 1967, ila mkataba ulikiacha kikiyeyusha alumina ya kuagizwa ilhali nchi ina boksaiti yake, na ukame uliposhusha maji ya ziwa matangi yakazimwa. Msumbiji ilipata kiwanda cha alumini cha Mozal mwaka 2000, kilichotumia megawati 900 hivi, lakini mitaji na maamuzi yalikaa ng’ambo. Kwa Dubai mwenye gesi, mwenye kiwanda na mwenye kunywa maji alikuwa mmoja, na umeme haukutegemea mvua. Tanzania ina swali hili mkononi sasa hivi: bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na liko kwenye Rufiji, mto uleule ambao delta yake iliezeka nyumba za Al Fahidi. Megawati hizo zina waombaji wengi, majumbani na kwenye reli, na sidai kwamba alumini ndiyo ianze.

Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anaijua alumini kwa upande mwingine. Anakusanya alumini chakavu, anaiyeyusha kwa mkaa, anamimina kwenye kalibu la mchanga, na sufuria inatoka. Alumini ikishakuwa metali huyeyuka kwa nyuzi 660, na kuiyeyusha upya kunakula kama asilimia 5 tu ya nguvu ya kuitoa kwenye oksidi. Kila sufuria inayomiminwa pale imebeba malipo yaliyokwisha kufanywa mahali fulani, pengine kwa gesi ya Ghuba.

Gesi hiyo, kwa upande wake, haikutosha. Dubai ilianza kununua ya jirani, na kuanzia mwaka 2007 bomba la Dolphin lilileta ya Qatar. DUBAL iliungana na kiwanda cha Abu Dhabi na kuwa Emirates Global Aluminium, na mitambo mipya ya maji imehamia kwenye vichujio vinavyosukuma maji kwa mgandamizo bila kuyachemsha. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza kuuza alumini iliyotengenezwa kwa umeme wa jua kutoka jangwa la Dubai, na BMW ikawa mnunuzi. Moshi wa gesi unaweza kwisha kwa njia hiyo. Moshi wa anodi hauishi. Oksijeni ikiachana na alumini hushikana na kaboni ya anodi, na kila tani ya metali inatoa takriban tani 1.5 za dioksidi ya kaboni hata kama umeme wote umetoka kwenye jua. Nchini Kanada, kampuni za Alcoa na Rio Tinto zimekuwa zikijaribu tangu mwaka 2018 anodi zisizoliwa, zinazoachia oksijeni tupu. Tatizo ni lilelile la Hall na Héroult. Kaboni inapoungua inasaidia kulipa: kwa nadharia, ikiwepo, alumina inafunguka kwa volti 1.2, isipokuwepo, inadai 2.2, na volti hiyo moja ya ziada itazidishwa kwa mamia ya matangi, kila saa ya mwaka.